Redio ya gari inakwaruza: jinsi ya kupima antena ya kioo cha nyuma na busta yake

Gari limetoka bandarini. Redio ya Kijapani imeng'olewa, imefungwa ya Android yenye skrini kubwa, na tangu siku hiyo FM inashika stesheni mbili tatu tu, tena karibu na mnara. Fundi anasema antena ya kioo imekufa na kwamba dawa yake ni kutoboa paa na kufunga fimbo. Kabla hujamruhusu atoe drili, pima kwanza. Mara nyingi kioo hakina ubaya wowote. Kilichokosekana ni volti 12 kwenye kisanduku kidogo kilichofichwa nyuma ya kava la nguzo ya nyuma, kwa sababu waya mmoja wa bluu uliachwa ukining'inia nyuma ya redio.

Mfumo wenyewe ulivyo

Tazama kioo cha nyuma kwa karibu. Mistari minene ya rangi ya kahawia inayolala sambamba ni hita ya kuondoa ukungu. Juu yake, au kwenye kioo cha pembeni cha nyuma kwa baadhi ya stesheni wagoni, kuna mistari michache myembamba zaidi yenye mikunjo isiyo na mpangilio unaoeleweka. Hiyo ndiyo antena. Kuna magari ambayo mistari ya hita yenyewe inafanya kazi zote mbili, na hapo lazima pawe na kichujio cha kutenganisha umeme mkubwa wa hita na mawimbi ya redio.

Antena ya namna hii ni dhaifu ukilinganisha na fimbo ya paani, kwa hiyo watengenezaji huweka kikuza mawimbi, ambacho mafundi wanakiita busta, sentimita chache tu kutoka pale waya unapogusa kioo. Kwenye saloon kitafute nyuma ya kava la nguzo ya nyuma au chini ya rafu ya spika. Kwenye gari lenye mlango wa nyuma unaoinuka, mara nyingi kiko ndani ya mlango huo. Kutoka hapo waya wa koaksia, yaani waya wa kati uliozungukwa na wavu wa nje, unatembea hadi kwenye redio.

Jambo moja la kukumbuka wakati wote wa kazi hii: busta isiyo na umeme ni mbaya kuliko kutokuwa na busta kabisa. Haipitishi mawimbi kwa utulivu ikisubiri kuwashwa, inayaziba. Ndiyo maana gari lenye busta isiyo na umeme hushika stesheni za karibu pekee, na ukitoka nje ya mji kidogo yote yanageuka kuwa mkwaruzo.

Kabla ya kulaumu antena, angalia masafa

Japani walitumia FM ya megahezi 76 hadi 90, na miaka ya karibuni wakaipanua hadi 95. Huku kwetu FM ni 87.5 hadi 108. Redio ya Kijapani isiyobadilishwa itakupa stesheni za mwanzo tu za masafa yetu, hata ukiifungia antena ya meli.

Wengi hufunga ekspanda, kidude kinachokaa kati ya waya wa antena na redio na kuyateremsha masafa kwa kiwango kisichobadilika. Piga hesabu uone kinachotokea. Ekspanda ya megahezi 12 inaileta Capital FM ya Nairobi, 98.4, kwenye 86.4 ya redio yako. Lakini Radio Citizen, 106.7, inaangukia 94.7, na redio ya zamani inayoishia 90 haiwezi kufika huko. Ekspanda ya megahezi 20 inaileta Citizen kwenye 86.7, ila chochote kilicho chini ya 96 kinazama chini ya 76 na kupotea. Kwa hiyo upande mmoja wa masafa ukikosekana wote huku mwingine ukisikika vizuri, tatizo ni hesabu, si antena.

Kosa la kinyume linatokea zaidi siku hizi. Redio mpya yenye 87.5 hadi 108 inafungwa, ekspanda ya zamani inaachwa pale pale nyuma ya dashibodi ikiwa na umeme. Sasa Citizen inasikika kwenye 94.7 na Capital haionekani popote. Fuata waya wa antena kutoka kwenye redio. Ukikuta kisanduku kidogo chenye waya mwekundu na mweusi, kitoe na uunganishe antena moja kwa moja.

Kwenye redio za Android, ingia pia kwenye mipangilio ya redio na uangalie eneo. Ikiwekwa Marekani, inaruka hatua za 0.2 na kutua kwenye desimali za witiri tu: 98.3, 98.5, 98.7. Hapo huwezi kuitua 98.4 sawasawa, na utasikia sauti iliyochakaa ukadhani ni antena. Chagua Ulaya.

Na zile karatasi nyembamba zenye mistari ya shaba zilizobandikwa juu ya kioo cha mbele? Ni antena za televisheni ya dijitali ya Kijapani. Hazihusiani na FM, wala hazitakupa televisheni, kwa kuwa mfumo wao ni ISDB-T na wa kwetu ni DVB-T2. Ziache au zibandue, redio haitajua tofauti.

Vifaa

Multimita ya kawaida ya dijitali, bisibisi, spana ya 10, kifaa cha plastiki cha kung'olea kava (cha chuma kinaacha alama), waya mwembamba wa mita 1, karatasi ya aluminiamu ya jikoni, spiriti ya isopropili, kitambaa laini, tepu ya karatasi, msasa laini, na taa ya kichwani. Rangi ya fedha inayopitisha umeme utainunua baadaye ukiihitaji tu.

Vipimo vya dakika 10 bila kufungua kitu

Egesha sehemu ya wazi, mbali na majengo marefu na nyaya za umeme. Chagua stesheni tatu: moja yenye nguvu, moja ya wastani, moja dhaifu. Andika namba zake, maana utazirudia kila baada ya hatua.

Kwanza sikiliza injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko kwenye ACC (hatua inayowasha redio bila injini). Kisha washa injini. Mkwaruzo ukiongezeka hapo, una kelele ya umeme, si antena pungufu.

Pili, ukiwa na injini inayonguruma, washa hita ya kioo. Redio ikififia ghafla au kuanza kuvuma, kichujio cha hita kina hitilafu au hasi yake imelegea. Isipobadilika, endelea.

Tatu, chomoa kila kitu kilichochomekwa kwenye tundu la kiberiti na USB: chaja, kamera ya dashibodi, kirusha FM cha kucheza nyimbo za simu. Chaja za bei rahisi na kamera za dashibodi zina vibadilisha umeme visivyozibwa vizuri, na vinamwaga kelele katikati kabisa ya masafa ya FM. Taa za LED zilizobadilishiwa balbu nazo zimo kundini. Ziwashe na kuzizima uone. Ukipata mkosaji hapa, kazi imekwisha na hujang'oa hata skrubu moja.

Redio au antena?

Chomoa redio na uchomoe plagi ya antena nyuma yake. Kata waya wa sentimita 75, menya ncha moja sentimita 1, na uichomeke kwenye tundu la kati la antena ya redio bila kugusa ukuta wa nje. Urefu huo haukuchaguliwa kwa bahati: ni takriban robo ya urefu wa wimbi la megahezi 98. Ning'iniza ncha ya pili nje ya dirisha.

Waya huu ukishika stesheni zako vizuri kuliko antena ya gari, redio ni nzima na ubaya uko nyuma. Usiposhika hata stesheni yenye nguvu, redio yenyewe au mipangilio yake ndiyo mgonjwa, na hakuna sababu ya kung'oa makava ya nyuma.

Angalia pia plagi. Magari ya Kijapani yana plagi zisizofanana na za redio za sokoni, na baadhi yana plagi ya mraba yenye nyaya mbili, kwa kuwa gari lina antena mbili zinazosaidiana. Adapta ya bei ndogo ambayo pini yake ya kati inacheza itakupa redio inayoshika na kuachia kila ukipita kwenye shimo.

Umeme wa busta

Hapa ndipo sehemu kubwa ya magari yaliyobadilishiwa redio yanapopona, kwa hiyo usiharakishe.

Busta hupata umeme kwa njia mbili. Magari mengi ya Kijapani yanatumia waya wa pekee kutoka kwenye soketi ya redio. Utafute kwenye mchoro au kibandiko cha redio ya asili palipoandikwa ANT. Magari mengi ya Ulaya, hasa Volkswagen na Audi, yanapitisha umeme ndani ya waya uleule wa koaksia unaobeba mawimbi.

Kwenye redio ya sokoni, waya wa kuiwashia antena ni wa bluu mtupu. Kwenye soketi ya ISO (soketi ya kawaida ya nyaya za nyuma ya redio) ni pini ya 5 ya kundi A. Wa bluu wenye mstari mweupe ni wa kuwashia amplifaya ya muziki. Tofauti yake ni kwamba kwa redio nyingi ule wa bluu unakufa ukihamia USB au Bluetooth, wakati wenye mstari mweupe unabaki hai. Vyovyote vile, nyaya zote mbili zinaweza kuiwasha busta, kwa sababu busta hula makumi tu ya miliampia. Usiunge busta kwenye waya wa njano wa kudumu: itakula betri usiku na mchana, kidogo kidogo, na gari likiegeshwa wiki kadhaa utalikuta halistati.

Hatua ni hizi:

1. Washa redio kwenye FM. Pima waya wa bluu dhidi ya bodi ya gari. Unatakiwa uone karibu volti 12. Ukiona 0, redio haitoi. Tumia waya mwekundu wa ACC kupitia fyuzi ya ampia 1.
2. Hakikisha waya huo umeunganishwa na waya wa ANT wa gari. Kwenye adapta nyingi za kuchomeka umeachwa wazi, au kiunganishi chake hakijachomekwa.
3. Nenda nyuma, fungua kava la nguzo, pima kwenye plagi ya busta. Volti 12 mbele na 0 nyuma maana yake waya umekatika njiani.
4. Kwa gari la Ulaya, weka adapta ya kuingiza umeme kwenye koaksia, yenye waya wake wa bluu. Bila hiyo, redio nyingi za sokoni hazipitishi umeme kwenye tundu la antena. Pima upande wa antena wa adapta: kati ya pini ya kati na ukuta unatakiwa uone volti 8 hadi 12. Usitumie taa ya kupimia hapa. Inavuta umeme mwingi kuliko sakiti hiyo inavyovumilia.

Tahadhari kwenye kava la nguzo: magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni huipitisha juu ya milango hadi nguzo ya nyuma. Zima gari, toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kuvuta kava lenye maandishi ya SRS. Kama redio ni ya asili na inadai namba ya siri, uwe nayo mkononi kabla ya kutoa betri.

Mlango wa nyuma unaoinuka

Kwenye hachibeki na wagoni, nyaya zote zinapita ndani ya mpira unaokunjika kati ya paa na mlango. Mlango unafunguliwa mara maelfu, na nyaya zinakatika ndani ya ganda bila kuonekana. Dalili yake inajitangaza: redio inashika mlango ukiwa wazi na kupoteza ukifungwa, au kinyume chake. Mara nyingi taa ya namba au waipa ya nyuma nayo inasumbua. Vuta mpira, kunja kila waya kwa vidole. Wenye kupinda kirahisi kupita kiasi umekatika. Unga kwa kipande kipya cha waya laini, lehemu, ziba kwa mpira wa kusinyaa. Usisokote na kufunga tepu tu, maana hapo panakunjwa kila siku.

Hasi ya busta

Busta hupata hasi kupitia boliti yake ya kufungia. Kutu au rangi mpya chini ya boliti hiyo inatosha kuilemaza, na gari lililopigwa rangi upya ni mtuhumiwa wa kwanza. Redio ikiwa imewashwa, weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye kisanduku cha busta na nyingine kwenye chuma tupu cha bodi. Zaidi ya volti 0.1 ni nyingi mno. Fungua boliti, piga msasa hadi chuma king'ae, funga tena, paka grisi kidogo kwa nje.

Koaksia

Chomoa ncha zote mbili, mbele na nyuma. Waya wa kati kutoka mwisho hadi mwisho usomeke chini ya ohmu 1 hivi. Kati ya waya wa kati na wavu wa nje pasisomeke chochote. Ukisoma ohmu chache hapo, waya umebanwa na skrubu ya kiti au kava, au maji yameingia. Usipime ncha moja ikiwa bado imechomekwa: busta yenyewe itakupa namba itakayokudanganya.

Busta yenyewe

Umeme upo, hasi ni safi, koaksia ni nzima, na bado hakuna kitu? Redio ikiwa kwenye stesheni dhaifu, chomoa klipu inayogusa kioo. Sauti isipobadilika kabisa, ama busta imekufa ama mistari ya kioo imekatika karibu na klipu.

Ili kutenganisha, zima umeme wa busta kwanza (hasa kama unapita kwenye koaksia), chomoa busta, na kwa kipande cha waya unganisha klipu ya kioo na pini ya kati ya koaksia moja kwa moja. Redio ikishika vizuri kuliko ilivyokuwa na busta, busta imekufa. Unaweza kuthibitisha kwa kupima miliampia kwenye waya wake wa umeme: sifuri maana yake imekatika ndani, mamia maana yake imeshoti.

Nunua iliyotumika kutoka gari la aina ileile, yenye namba ileile ya spea. Zile busta za kuchomeka nyuma ya redio zinazouzwa madukani si mbadala. Zinakuza kilichofika mbele, na kilichofika mbele tayari kimechanganyika na kelele ya njiani. Mjini, karibu na minara mikubwa, zinailemea redio hadi stesheni moja inasikika juu ya nyingine.

Busta ya Kijapani ina udhaifu mmoja usiotibika. Zamani Japani ilikuwa na televisheni ya analojia kwenye megahezi 90 hadi 108, iliyozimwa sehemu kubwa ya nchi Julai 2011. Antena na busta za magari ya kipindi hicho zililengwa kwenye 76 hadi 90, kwa hiyo hata ikiwa nzima kabisa unaweza kukuta 88 inasikika vizuri na 106 inachechemea.

Mistari ya kioo na janga la tinti

Adui mkubwa wa mistari hii ni wembe wa fundi tinti. Tinti kuukuu ikibanduliwa kwa kukwangua, inaondoka na mistari. Na tinti yenyewe ikiwa ya aina yenye chembe za chuma, inafunika antena kama sufuria hata kama mistari ni mizima. Ukitaka tinti kwenye kioo chenye antena, omba isiyo na chuma. Ukitaka kubandua kuukuu, lainisha kwa mvuke na maji ya sabuni, vuta taratibu kwa mkono.

Kutafuta palipokatika, funga ncha za multimita kwa karatasi ya aluminiamu zisikwangue, weka kwenye ohmu. Chomoa klipu. Ncha moja kwenye kituo cha klipu, nyingine itembeze juu ya mstari. Utasoma ohmu chache zinazopanda pole pole. Pale zinaporuka na kuwa hakuna kitu, umepata mpasuko. Lakini baadhi ya vioo vina mstari usioungana na mwingine kwa makusudi, kwa hiyo angalia kwa kioo cha kukuzia kama kweli kuna mkwaruzo kabla ya kuunga.

Kurekebisha: safisha kwa spiriti, kausha. Bandika tepu juu na chini ya mstari, ukiacha uwazi wa upana uleule wa mstari. Tikisa rangi ya fedha vizuri, paka kwa brashi ndogo, ukianzia milimita 5 kabla ya mpasuko na kupita milimita 5 baada yake. Acha ikauke, paka tabaka la pili na la tatu. Bandua tepu kabla haijakauka kabisa, la sivyo itaondoka na rangi. Usiguse wala usiwashe hita kwa saa 24.

Kituo cha klipu kikibanduka kwenye kioo, usitumie gundi ya haraka. Haipitishi umeme, na utakuwa umeziba mahali pa gundi sahihi. Tumia epoksi ya fedha ya sehemu mbili, ibane kwa tepu, ipe saa 24. Kulehemu moja kwa moja juu ya kioo kunaweza kukipasua kwa joto, na kioo kizima ni ghali kuliko busta kumi.

Mistari ikiwa imekwanguliwa yote, hapo ndipo fimbo inapopata haki yake. Ya paani, yenye hasi inayogusa chuma tupu cha bodi, ndiyo bora. Lile pezi la papa la kubandika kwa gundi ni dogo mno kwa FM, na mengi hayana hasi yoyote. Ukiifunga fimbo, usiipitishe kwenye busta ya zamani. Chomoa busta, chomoa waya wake wa umeme na uuzibe ncha kwa tepu, kisha peleka koaksia mpya moja kwa moja hadi kwenye redio.